Sanda ya Letty Gelston — Sehemu ya Saba: Zamu ya Kwanza

Wiki iliyopita tulimwacha Hester Devenny barabarani, manyunyu yakimlowesha, jeneza la mama yake limetuliwa juu ya viti viwili vya jikoni, na mbele yake geti la chuma lenye kufuli. Ufunguo wa kufuli hiyo ulikuwa mfukoni mwa Rowland Gelston. Rowland alisimama upande wa ndani wa makaburi ya ukoo wake, chini ya mwavuli, na alikuwa akitabasamu.

Wasomaji kadhaa mmeniuliza kwa nini Hester hakupenyeza mkono kati ya nondo akamkaba koo. Alitaka. Lakini Minnie Toal, jirani yake, alikuwa amemkamata koti kwa nyuma, na Minnie ana mikono ya mwanamke aliyekamua nguo za watu tangu usichana wake.

Kwa aliyetukuta njiani, habari ni hii. Letty, mama yake Hester, alikuwa mshona pindo za leso hapa Drumnaleck, na maisha yake yote aliwashonea wengine kitani ambacho yeye hakupata kukitandika mezani kwake. Majira ya mavuno alipougua akalala kitandani alimfungulia bintiye siri. Alizaliwa Gelston, mtoto wa nyumba kubwa yenye kiwanda, na akifa azikwe kwao. Hester alimaliza baridi yote akibisha milango ya wafanyabiashara wa kitani, kuanzia kwa wapaushaji wa ukingo wa mto Bann hadi kwenye maghala ya Belfast, kipande kimoja cha kitambaa mkononi. Wengine walimpa chai. Wengine walimpa mgongo.

Kipande chenyewe ndicho alichofungiwa Letty alipozaliwa. Kimefumwa korongo, weupe juu ya weupe, lakini korongo wa safu ya mwisho wana vichwa na mbawa tu. Miguu hawana. Mzee Teggart wa Belfast, muuza kitani aliyepofuka, alikipapasa kwa vidole, kisha akamwambia afunge mlango.

Kina Gelston, alisema mzee yule, hawajapata kuuza korongo kwa mtu yeyote. Mke wa nyumba akishika mimba, hufumwa jora moja. Mtoto akizaliwa, jora hukatwa katikati ya ndege. Nusu ya vichwa anafungiwa mtoto, nusu ya miguu inawekwa kabatini, na hiyo ndiyo sanda yake siku atakapoiaga dunia.

Mzee Teggart alimkumbuka na baba yake Hester. Conn Devenny, mnunuzi wa kitani wa kuzunguka masoko, Mkatoliki, mcheshi, asiyeachana na kioo chake cha kukuza cha kuhesabia nyuzi, cha kukunja, chenye fremu ya shaba, ambacho bawaba yake ilivunjika akaiunga kwa msumari wa kwato za farasi. Alimpa Letty mimba, akapanda meli kwenda Amerika bila hata kuaga. Hivyo ndivyo Hester alivyoambiwa tangu utotoni, na alimchukia mtu huyo kama wengine wanavyosali, asubuhi na jioni.

Haya, turudi getini.

Rowland aligeuka nusu, akaelekeza ncha ya kiatu kwenye jiwe moja lililoota kuvu. Jina kamili la Letty lilisomeka hata kutoka barabarani. Letitia Gelston, binti mpendwa, aliyefariki kwa homa mwaka ule Belfast ilipolilia meli yake kubwa iliyozama.

"Shangazi yangu yule pale," alisema. "Alikufa kabla mimi sijazaliwa. Sasa unataka nimzike mara ya pili? Watu wanakufa mara moja tu, bibi, hata huko kwenu juu kilimani."

Wanaume wachache walicheka. Hawakucheka kwa kupenda. Nusu ya waliosimama barabarani pale walikuwa wanakula mkate wa kiwanda chake, na anayekulisha akitania unacheka, hata kama kinachotaniwa ni maiti. Hester aliwatazama mmoja mmoja. Wote hao walikuwa wamekunywa chai kwenye matanga ya mama yake usiku uliopita, wakala nyama yake ya nguruwe, wakasema Letty alikuwa mwanamke mwema.

"Na hata nikifungua," aliendelea Rowland, "zamu ya kwanza nani atabeba?"

Hapo alimpiga penye jeraha. Drumnaleck jeneza hushushwa garini getini, na kutoka hapo hubebwa mabegani, wanaume wanne wanne, kwa zamu. Zamu ya kwanza ni ya damu. Hata adui hamwibii mtu zamu hiyo. Na upande wa kichwa, bega la kushoto, ni mahali pa mwana wa kiume, na kama hakuna, ndugu wa kuzaliwa naye. Hester hakuwa na kaka, hakuwa na mume, hakuwa na mtoto. Yeye mwenyewe kufika pale, na Minnie nyuma yake, ilikuwa vita, kwa sababu wanawake wa huku hubaki nyumbani wakikata mikate wakati wanaume wanazika. Alikuwa amewaambia wanaume hao kwamba wenye kutaka mikate watajikatia.

Minnie Toal ndiye aliyejibu. "Rowland, mimi nilifua nepi zako. Hazikuwa zikinuka waridi. Usitusimamie hapo kama malaika wa mlangoni."

Safari hii watu walicheka kwa kupenda. Tabasamu la Rowland likapungua kidogo. Alimgeukia Mchungaji Lowry, akamwambia kwa sauti ya mtu anayelipia paa la kanisa kwamba mambo haya yamalizwe, huyu marehemu apelekwe makaburi ya manispaa, yeye yuko tayari kugharamia.

Mchungaji Lowry alitazama viatu vyake. Ni mtu mwema, lakini paa lile linavuja.

Hester alilichomoa koti lake mikononi mwa Minnie, akasogea mpaka nondo zikamgusa kifua. Hasira ilikuwa imempanda, ikafika mahali ambapo sauti hushuka badala ya kupanda.

"Nina swali moja," alisema. "Ukinijibu, naondoka na maiti yangu."

"Uliza."

"Shangazi yako alizikwa na nini?"

"Na sanda yake. Kama Gelston yeyote."

"Una hakika?"

"Nyumba yetu haizikani bila sanda. Hata wapagazi wa kiwandani wanalijua hilo."

"Kwa hiyo nikienda kufungua kabati la nyumba yenu sasa hivi, sanda yake haimo."

"Haimo," alisema Rowland. "Imeoza naye hapo chini zamani."

"Mchungaji, umesikia?"

Mchungaji alisema amesikia. Rowland naye alisikia sauti yake mwenyewe, akawa kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Aliuliza Hester anakusudia nini. Minnie ndiye aliyejipangusa mvua usoni, akasema kwa upole ambao si wake kwamba asubuhi alipita mlango wa nyuma wa nyumba kubwa, akampelekea baba yake Rowland mkate wa soda. Na salamu za Hester.

"Baba yangu mgonjwa," alisema Rowland. "Haamki."

"Mkate wangu unaamsha," alisema Minnie.

Watu wa nyuma wakaanza kupisha.

Mzee Sandy Gelston, baba yake Rowland, alikuwa akiteremka barabara kwa fimbo, bila kofia, koti limevaliwa juu ya nguo za kulalia. Kijiji kizima kilikuwa kimeambiwa kwamba amepooza. Hakuwa amepooza. Alikuwa amezeeka na amefungiwa, na hayo ni mambo mawili tofauti. Chini ya kwapa alibana furushi lililofungwa kwa karatasi ya buluu, ile wanayofungia kitani kisije kikageuka manjano.

Hakumsalimu mtu. Alifika kwenye jeneza, akaichana karatasi, akakunjua.

Ilikuwa miguu ya korongo. Safu nzima ya miguu myembamba imesimama katika maji ya kufumwa, na juu yake hakuna kitu. Pembeni, kwa uzi mwekundu, zilidariziwa herufi za jina la Letitia na mwaka aliozaliwa. Hester aliifungua nusu yake juu ya kifuniko, akaisogeza mpaka makali mawili yakagusana. Mkasi uliokata jora lile ulikuwa umeteleza mahali pamoja, ukapinda kidogo, na upindo huo ulikaa ndani ya mwenziwe bila kuacha nafasi. Ndege wakapata miguu.

Hakuna aliyecheka sasa. Mfanyakazi mmoja wa kiwandani alivua kofia, na waliokuwa karibu naye wakavua zao.

Nawe msomaji utadhani Hester alilia. Hakulia. Alikitazama kitambaa kile, kikavu, cheupe, kimetunzwa kwa maua ya mrujuani yanayonukia kabatini miaka yote ambayo mama yake alilala chini ya blanketi la jeshi, na alitamani kuvunja kitu.

"Ulijua," alimwambia mzee.

"Nilijua."

"Alipita mbele ya nyumba yenu kila Jumamosi na furushi la leso kichwani."

"Nilikuwa namwona dirishani."

"Na hukushuka, mjomba."

Neno hilo la mwisho lilimtoka bila kukusudia, nalo lilimkata mzee kuliko tusi. "Sikushuka," alisema. Hakuleta sababu, na heri hakuleta, maana Hester angemzaba kofi mbele ya mchungaji.

Yaliyobaki mzee aliyasema kwa kila mtu, uso ameuelekeza kwenye jeneza. Letty alipokutwa na mimba ya Mkatoliki, katika nyumba ya Waprotestanti, alitolewa nje kwa mlango wa jikoni, akaambiwa akirudi mtoto atapelekwa kwa masista asimwone tena. Kisha baba yao akatangaza kwamba binti amekufa kwa homa ya kuambukiza, jeneza lisifunguliwe. Alichoma nguo zake, alimkata kwenye picha zote, alisimamisha jiwe, aliimbisha zaburi. Lakini sanda hakuigusa.

"Sanda ya mtu aliye hai haichomwi, wala haizikwi bila mwenyewe," alisema mzee. "Ukifanya hivyo unaita kifo kije nyumbani. Baba hakumwogopa Mungu, lakini hilo aliliogopa."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Watu waliofikiria homa, jiwe, zaburi na machozi ya kukodi walinaswa na mwiko wao wenyewe wa kitani. Muuza samaki angeichoma sanda ile akalala usingizi. Gelston hakuweza. Njia ya mwongo ni fupi, ila hii ilichukua umri mzima wa mwanamke mmoja kufika mwisho.

Mchungaji Lowry alipata sauti yake. Aliuliza, kama ni hivyo, mle kaburini mna nini.

"Mawe," alisema mzee Sandy. "Mawe ya mtoni. Baba aliniambia mwenyewe."

Kisha akampa Minnie fimbo yake ashike. Akazunguka jeneza polepole, akafika upande wa kichwa, akainama, akaweka bega lake la kushoto chini ya ubao. Mahali pa ndugu.

"Baba, moyo wako," alisema Rowland. "Utajiua."

"Kiwanda nilikupa, Rowland. Makaburi sikukupa. Fungua."

Rowland alibaki na mkono mfukoni. Wanaume watatu wa kiwandani walitoka kwenye umati bila kuitwa, wakashika pembe zilizobaki, na mmoja wao alimwambia Rowland, bila kumwita bwana, kwamba mzee amesema afungue. Kufuli ikalia. Geti likafunguka. Letty Gelston akaingia kwao juu ya bega la ndugu yake, na Hester akatembea nyuma ya jeneza, mbele ya wanaume wote, Minnie akimfuata na fimbo.

Ingekuwa hadithi nyingine ningeweka kalamu chini hapa, tukaenda kula. Lakini ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Maana Rowland alibadilika. Mtu aliyemnyima Hester hata upana wa koleo aliwakimbilia mbele, uso umemwiva, akasema basi, yaishe, damu ni damu. Alisema atampa shangazi kaburi bora zaidi, kule penye ukuta, penye jua. Kaburi jipya. Jiwe jipya la marumaru kwa gharama yake. Wattie Spence, mchimba kaburi, aende huko aanze mara moja.

Hester alisimama. "Kwa nini si hapa penye jina lake?"

"Pana mawe. Atalala vibaya."

"Mawe yanatolewa."

"Udongo wa pale mbovu," alisema Rowland. "Nakushauri kama ndugu."

Dakika chache nyuma alikuwa bibi wa kilimani, sasa amekuwa ndugu. Hester alimtazama binamu yake kama mnunuzi anavyotazama jora lililokunjwa vizuri mno kwa juu. Halafu akamwambia Wattie achimbe chini ya jina.

Wattie na mwenzake walichimba. Mchungaji alisoma zaburi, akaimaliza, akaanza nyingine. Manyunyu yalikatika. Hakuna mtu aliyekwenda nyumbani, hata wenye zamu kiwandani, na ving'ora vya kuanza kazi vililia bondeni bila mtu kugeuza shingo. Mzee Sandy alikalia kiti kimoja cha jikoni ambacho Minnie alikuwa amekibeba kutoka barabarani. Mikono yake ilikuwa juu ya jeneza la dada yake wakati wote, kama mtu anayezuia mlango usifungwe tena.

Shimo lilipomfika Wattie kifuani, koleo likatoa sauti. Ubao uliooza. Aliushika kwa mikono, ukamegeka kama keki. Akainama ndani ya shimo, akakaa humo kitambo.

"Toeni mawe basi," alisema mzee Sandy.

Wattie aliinua uso, nao haukuwa na rangi.

"Mzee," alisema, "mimi nimechimba makaburi tangu ujana wangu. Mawe hayana meno."

"Fukieni," alisema Rowland. Alilisema haraka, kabla ya mtu mwingine yeyote kuelewa. "Fukieni sasa hivi. Mchungaji, hii ni dhambi, kufukua mtu."

"Mtu gani?" aliuliza Hester.

Rowland alifunga mdomo. Alikuwa amechelewa, na watu wote walimwona.

Wattie alipanda ngazi kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umefumba kitu. Alikisugua kwa kidole gumba, akakipuliza, akakitazama bila kukijua, akampa Hester, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mbele.

Kilikuwa kidogo, cha mraba, cha shaba iliyogeuka kijani. Kilijikunja mara mbili. Ndani palikuwa na kioo chenye ufa. Na bawaba yake haikuwa ya shaba. Ilikuwa ya chuma, imepindwa na mtu asiye fundi, kwa msumari wa kwato za farasi.

Hester aliigusa bawaba kwa kidole. Amerika. Maisha yake yote alikuwa amemtukana mtu huyu kwa ajili ya Amerika. Mama yake alikufa akiwa hajamsamehe, na kila Jumamosi alipita nje ya ukuta huu na leso zake, na mtu aliyekuwa akimngoja alikuwa hapa, chini ya jina lake, umbali wa kurusha jiwe.

Alimgeukia mzee. Kioo kilikuwa kimemkaa kiganjani mpaka kinamuumiza.

"Mjomba. Ulisema mawe."

Mzee Sandy alikuwa amekiona.

"Nilibeba mimi," alisema. "Zamu ya kwanza, upande wa kichwa, bega la kushoto. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilijua dada hayumo, nikajua ni mawe, baba alikuwa ameshaniambia." Alilitazama geti. "Tulipopita geti lile nikamwambia, baba, haya mawe yanagonga hata tukisimama."

Mchungaji alifunga kitabu cha zaburi.

"Akaniambia, nyamaza, tembea."

Mzee aliitazama mikono yake juu ya jeneza.

"Nikatembea," alisema.